Je, Kila Anayekata Anapogoa?

 

Katika toleo hili tunapenda tuzungumze juu ya neno moja ambalo sisi Wakristo wakimbizi tunalitumia sana, pengine kuliko tunavyolielewa. Neno hilo ni kupogoa, yaani kukata matawi ya mti ili mti ule uzae zaidi. Mtu akipoteza mali yake yote, tunamwambia, "Mungu anakupogoa." Mtu akifiwa, tunamwambia, "Mungu anakupogoa." Faili lake la kwenda ng'ambo likikataliwa mara ya pili, tunamwambia vivyo hivyo. Tunafungua Yohana 15, tunasoma, tunaomba, tunakunywa chai, tunarudi nyumbani kwetu.

Je, ni kweli? Kila anayekata anapogoa?

SWALI LA MAMA MMOJA

Tuanze kwa kukiri kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda kumfariji mama mmoja wa kanisa letu. Mume wake na wanawe wawili waliuawa kwa panga katika usiku mmoja, kule nyumbani Kongo. Alivuka mpaka na binti mmoja tu, na nguo alizovaa. Sisi tulifika na Biblia yetu, tukakaa, tukamsomea habari za mzabibu. Tukamweleza kwa upole kwamba Baba ndiye mkulima, na kwamba mkulima mwema hukata hata tawi lizaalo ili lizae zaidi.

Mama alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mchungaji, basi lile panga lilikuwa mkononi mwa Mungu?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua, kwa sababu jibu likiwa ndiyo, ataombaje usiku akiwa peke yake mbele za Mungu huyo? Sisi tulinyamaza. Tukafanya ombi fupi, tukaaga. Lakini swali lile lilitufuata njiani mpaka nyumbani, na kwa muda mrefu halikutuacha tulale.

Ndipo tuliona kwamba tumekuwa tukihubiri juu ya kazi tusiyoijua. Katika chuo cha Biblia tulifundishwa Kiyunani kidogo na namna ya kupanga hubiri, lakini hakuna aliyetutia mkasi wa bustani mkononi. Basi tukaanza kuwauliza wanaoijua kazi hiyo.

ALAMA ZA MTU ANAYEPOGOA

Hapa Buganda walimu ni wengi, maana ni nchi ya kahawa. Hata ofisi za Kabaka, pale Bulange, Mengo, zimewahimiza watu warudi kwenye kilimo hicho kwa kampeni iitwayo Emmwanyi Terimba, maana yake kahawa haidanganyi. Na mwalimu wetu mwingine yuko mbali sana. Ni ndugu yetu mmoja aliyehamishiwa Kanada na familia yake. Huko alipata kazi ya kutunza bustani za watu, na alitueleza kwa simu jinsi vichaka vya maua vinavyokatwa katika nchi ya theluji. Tulipoweka pamoja maneno ya walimu hawa wa joto na wa baridi, tuliona wanakubaliana katika mambo manne.

Kwanza, anayepogoa hungoja majira. Ndugu yetu wa Kanada alisema kwamba mwaka wake wa kwanza alidhani vichaka vyote vimekufa. Majani yalikuwa yameanguka yote, vimebaki vijiti vikavu juu ya theluji. Mzee aliyekuwa akimfundisha kazi akachukua ukucha, akakwangua gome la kijiti kimoja kidogo tu. Chini yake palikuwa na rangi ya kijani. Mti ulikuwa umelala. Mwishoni mwa baridi, kabla mti haujaamka, ndipo mawaridi na vichaka vingi vinavyotoa maua wakati wa joto hukatwa. Lakini kipo kichaka kiitwacho lilaki, ambacho huandaa maua yake tangu mwaka uliotangulia. Hicho ukikikata wakati wa baridi umeyatupa maua yote. Hicho hungojewa mpaka kimalize kuchanua. Tena haifai kukata sana majira ya baridi yanapokaribia, kwa sababu mti utatoa machipukizi laini, na barafu itayaua. Kwa hiyo mkasi ni ule ule, mkono ni ule ule, lakini ukikosea mwezi, umeharibu. Wakulima wa kahawa nao ni hivyo hivyo. Hawakati wakati mti umebeba matunda. Wanangoja mavuno makubwa yaishe.

Pili, anayepogoa hutumia chombo safi. Katika mwaka 1993 ugonjwa wa kunyauka kwa kahawa uligunduliwa hapa Uganda, baada ya kuwa umekwisha kushambulia mashamba ya kaskazini-mashariki mwa Kongo. Uliua mamilioni ya miti ya robusta. Ugonjwa ule huingia kwenye mti kupitia jeraha, na panga lililokata mti mgonjwa hupeleka ugonjwa kwenye mti mzima. Ndiyo maana mkulima aliyefundishwa hulipitisha panga lake kwenye moto, au hulifuta kwa jiki, kabla hajagusa mti mwingine. Anajua kwamba jeraha ni mlango. Hataki kuufungua mlango kisha aingize kifo.

Tatu, anayepogoa huacha kitu. Mti wa kahawa ukizeeka na kuzaa kidogo, hukatwa mpaka kubaki kisiki cha karibu sentimita 30 kutoka ardhini. Kwa mtu asiyejua, hiyo ni kama mauaji. Lakini tazameni vizuri. Mkulima hukata kwa mshazari ili maji ya mvua yateremke yasiozeshe kisiki. Na mara nyingi huacha shina moja limesimama na majani yake, ili lilishe mizizi mpaka machipukizi mapya yatokee. Wakulima husema mti unaachiwa pa kupumulia. Hata katika kukata kukubwa kuliko kote, mkulima huuachia mti pumzi.

Nne, anayepogoa habanduki. Kukata ni kazi ya dakika chache. Baada ya hapo huja palizi, mbolea, na kuchagua machipukizi mawili au matatu yenye nguvu kati ya mengi yanayotoka. Hupita mwaka mmoja na nusu, hata miwili, kabla ya kuvuna tena vizuri. Muda huo wote mkulima anautembelea mti ule asiopata kitu kwake. Mtu akikata akaenda zake, huyo hakupogoa. Huyo alitafuta kuni.

TUPIME YALIYOTUPATA

Sasa, ndugu wapendwa, tuchukue alama hizi nne tuziweke kando ya historia yetu wenyewe.

Wale waliokuja usiku, je, waliyangoja majira? Walikuja wakati mahindi yamekomaa, watoto wako shuleni, na wanawake wana mimba. Chombo chao kilikuwa safi? Kilikuwa kimejaa chuki, na chuki ile imeingia kwenye majeraha yetu, hata leo tunaona watu walioumizwa wakiwafundisha watoto wao kuchukia kabila zima. Waliacha pa kupumulia? Walitaka pasibaki hata mmoja. Walibaki kututunza? Waliondoka na ng'ombe wetu.

Kwa hiyo tuseme wazi, bila kuzunguka. Tulichotendewa hakikuwa kupogolewa. Kilikuwa uharibifu, tena dhambi, na mkono ulioshika panga lile ulikuwa mkono wa mwanadamu atakayetoa hesabu mbele za Mungu.

Biblia yenyewe inajua tofauti hii. Nabii Isaya, katika 2:4, anaona siku ambayo watu watafua mikuki yao iwe miundu, na mundu ndicho chombo cha kupogolea. Lakini Yoeli, katika 3:10, anataja jambo hilo kinyume, miundu ikifuliwa kuwa mikuki. Chuma ni kile kile. Kinachobadilika ni mkono na kusudi. Basi sisi wahubiri tukimwambia mjane kwamba mkuki ulikuwa mundu, tunafanya jambo baya. Tunamfua Mungu kwa mfano wa muuaji.

NA VIPI YOHANA 15?

Mtu atauliza, "Mchungaji, je, unalifuta neno la Bwana?" Hasha. Tulisome kwa makini. Katika Yohana 15:2 Bwana anasema kwamba Baba hulishughulikia tawi lizaalo. Neno la Kiyunani alilotumia Yohana lina maana ya kusafisha. Na mara, katika mstari wa 3, Bwana anawaambia wanafunzi kwamba wao wamekwisha kuwa safi, akitumia neno la jamii hiyo hiyo. Wamesafishwa kwa kitu gani? Si kwa vita, wala kwa kufiwa. Ni kwa neno alilowaambia. Kisu cha Mkulima katika sura ile ni neno lake. Petro alikatwa kiburi kwa neno. Yakobo na Yohana, waliotaka moto ushuke juu ya kijiji cha Wasamaria, walikatwa kwa neno. Na aliyewakata alikaa nao, akala nao, akawaosha miguu.

Tena tusome Luka 13. Watu walimjia Yesu na habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato walipokuwa wakitoa dhabihu. Walitaka awaeleze maana yake. Yesu alikataa kusema kwamba waliouawa walikuwa wakosaji kuliko wengine. Akataja na wale 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akakataa hivyo hivyo. Aliwaita waliokuwa hai watubu, lakini hakuifanya damu ya wafu kuwa somo la kuwahukumu. Na hadithi inayofuata mara moja ni ya nani? Ni ya mtunza shamba anayeambiwa aukate mtini usiozaa, naye anaomba aachiwe mwaka mmoja zaidi, aupalilie na kuutia samadi. Huyo ndiye mkulima wetu. Anaambiwa kata, naye anaomba nafasi ya kuchimba.

Wengine watasema, "Lakini Mungu anajua yote, hakuna linalotokea nje ya macho yake." Amina, tunakubali. Lakini kujua si kutenda. Mbuzi wakiingia shambani wakautafuna mti, mwenye shamba anajua, tena anaumia. Hakuna jirani atakayesema, "Leo bwana shamba amepogoa." Kama mtauliza kwa nini Mungu hakuwazuia mbuzi wale, hapo tunakiri kwamba hatuna jibu. Tunao Mwana wake aliyekatwa pamoja nasi, na tunashika hapo.

NANI ANA HAKI YA KUSHUHUDIA?

Liko jambo jingine la kweli ambalo hatutaki kulificha. Wengi wenu mmetuambia, "Mchungaji, mimi nilimjua Mungu ukimbizini. Nyumbani nilikuwa na duka na pombe, sikuwa na Mungu." Tunausadiki ushuhuda huo, wala hatutaki kumnyang'anya mtu.

Lakini angalieni Yosefu. Katika Mwanzo 50:20 anawaambia ndugu zake kwamba wao walikusudia mabaya, na Mungu alikusudia mema. Mambo mawili tunayaona hapo. La kwanza, Yosefu hakusema shimo lilikuwa zuri. Aliita mabaya kwa jina lake. La pili, aliyesema hayo ni Yosefu mwenyewe, baada ya miaka mingi na machozi mengi. Hebu fikirini kama wale ndugu zake ndio wangesimama mbele yake na kusema, "Usilie, tulikuwa tunakupogoa." Maneno yangekuwa karibu yale yale, lakini yangekuwa matusi.

Hivyo basi ushuhuda ni mali ya mwenye jeraha. Yeye akisema siku moja kwamba Mungu alimtolea mema katika mabaya, sisi tuseme amina. Sisi tusimwekee maneno hayo kinywani. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba walipokaa chini pamoja naye kimya. Walipoanza kueleza sababu, ndipo walipoharibu, na mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia wao.

KISIKI KINAWEZA KUCHIPUA

Je, tumebaki bila tumaini? La. Hapa tunapokaa, Mengo, panatufundisha kitu. Mwezi wa tano 1966 jeshi la serikali lilishambulia Lubiri, yaani jumba la Kabaka. Kabaka Mutesa II alikimbia nchi, akawa mkimbizi kama sisi, akafia London mwaka 1969. Falme zilifutwa mwaka 1967, na Bulange ikawa ya jeshi. Mtu aliyepita hapa miaka ile angesema mti huu umekwisha. Lakini mwaka 1993 ufalme ulirudishwa na mwanawe, Ronald Mutebi, akatawazwa. Hatuingii katika siasa za wenyeji wetu waliotupokea. Tunataka kusema tu kwamba hakuna Muganda anayewashukuru waliochoma Lubiri kwa sababu ufalme ulirudi. Kisiki kikichipua, sifa ni za mzizi na za mvua. Aliyekata hana sifa.

Ndivyo ilivyo kwetu. Ayubu 14 inasema mti uliokatwa una tumaini la kuchipua ukisikia harufu ya maji. Ayubu mwenyewe aliendelea kulia kwamba mwanadamu akifa si kama mti, na mama yule wa kanisa letu anajua kwamba wanawe hawatachipua kisikini. Kwa ajili yao tunangoja ufufuo, si kitu kidogo kuliko huo. Lakini sisi tuliobaki, ambao gome letu limekauka, Mungu anaweza kutuchipusha, kama alivyoahidi chipukizi kutoka shina la Yese katika Isaya 11:1. Yeye si aliyekata. Yeye ndiye anayeleta maji.

TUFANYE NINI?

Tunawaomba mambo matatu katika familia na katika vikundi vya maombi.

La kwanza, mkienda kwenye msiba, msiseme "Mungu anakupogoa." Pelekeni unga, kuni na maji. Kaeni. Mkikosa la kusema, msiseme.

La pili, wazazi, mnapoadhibu watoto, jipimeni kwa alama nne. Je, ni wakati wake, au umetoka kugombana na mtu kwenye mstari wa chakula? Je, mkono wako ni safi, au unampiga mtoto kwa hasira ya vita? Je, unamwachia pa kupumulia, au unamvunja mbele ya wenzake? Je, utakaa naye baada ya hapo? Na sisi wazee wa kanisa tunapomtenga mshirika, tujiulize ni nani aliyekwenda kumtembelea mwezi uliofuata. Kama hakuna, hatukupogoa. Tulitafuta kuni.

La tatu, msikihukumu kijiti wakati wa baridi. Katika kila kambi kuna kijana asiyeongea, mzee asiyekuja tena kanisani, mama asiyeimba. Tunasema, "Huyo amekufa kiroho." Ndugu, kwangueni kidogo, kwa ukucha, si kwa panga. Mara nyingi chini yake bado pana kijani.

Tulirudi kwa mama yule. Ilituchukua muda mrefu kuliko ilivyofaa, kwa sababu mchungaji naye huona aibu. Tulimwambia, "Mama, uliuliza kama lile panga lilikuwa mkononi mwa Mungu. Jibu ni hapana. Siku ile tulikosa, utusamehe." Alikaa kimya kitambo, akichambua maharagwe. Kisha akasema, "Kama hakuwa upande wao, basi ninaweza kumlilia." Akatuomba tusiombe siku ile. Akaomba yeye.

Mungu wa faraja yote awe pamoja nanyi, akawaletee maji penye kisiki. Amina.